Majivuno ya Kabila na Hasara Zake

 Katika mazungumzo ya leo twataka kuwachukua mpaka Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe, pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania. Hatuendi huko kwa sababu watu wa Chitete ni wabaya kuliko watu wengine. Hasha! Twaenda huko kwa kuwa ni mahali panapofaa sana kwa kulitazama jambo tulilokusudia kulieleza. Jambo lenyewe ni majivuno ya kabila, yaani ile tabia ya mtu kulifanya kabila lake kuwa kipimo cha watu wote, akapima kwacho chakula cha wenzake, lugha yao, desturi zao, na mwisho hata utu wao.

Chitete imo katika nchi ya Wanyamwanga. Upande wa mashariki wako Wanyiha wa Mbozi. Kaskazini, katika bonde la Ziwa Rukwa, wako Wawanda. Ng'ambo yao wako Wafipa. Na kusini ni Tunduma, mji wa mpakani, ambapo barabara kuu na reli huvuka kuingia Zambia. Wilaya ya Momba ilikatwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Penye ofisi huja makarani, walimu, waganga na askari, nao hutoka pande zote za nchi. Wafanyabiashara nao huwafuata. Kabla ya hapo, wafugaji kutoka Usukuma walikuwa wamekwisha kuteremka bonde la Rukwa na makundi yao wakitafuta malisho. Basi mtu akikaa nusu siku tu sokoni katika nchi hiyo, aweza kusikia lugha sita au saba, na Kiswahili kikizifunga zote pamoja kama kamba ifungavyo kuni.

Sasa tuwape mfano mmoja, nao tutaushika mpaka mwisho wa mazungumzo yetu. Tuseme usiku mmoja ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi, wakakanyaga na kula. Asubuhi mwenye shamba aamka, aona jasho lake la miezi minne limelala chini. Yuko mbele ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuliza, "Ng'ombe hawa ni wa nani?" Njia ya pili ni kusema, "Wafugaji hao ndivyo walivyo. Kabila lile halina adabu." Maneno haya yaonekana kukaribiana, kumbe kati yake pana shimo refu. Anayeuliza la kwanza atapata jina la mtu, na penye jina la mtu pana shauri, pana fidia, na pana mwisho. Anayesema la pili hatapata jina. Atapata adui elfu moja, ambao wengi wao usiku ule walikuwa wamelala majumbani mwao. Naye mfugaji akisikia hivyo, hataona tena kwamba amedaiwa mahindi. Ataona ametukanwa baba na mama. Hapo atawaita watu wake, na mwenye shamba atawaita wake. Hivi ndivyo deni la magunia machache ligeukavyo kuwa uadui wa vizazi.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kulipenda kabila si kosa. Mtoto hujifunza kusema kwa lugha ya mama yake. Hujifunza kuamkia wazee, kulima, kuzika na kuoa kwa desturi za kwao. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Asiyejua alikotoka hata ugeni hajui kuupokea, kwa maana hana mlango wa kumfungulia mgeni. Kosa laanza pale mapenzi hayo yanapogeuka kuwa mizani ya kuwapimia wengine. Mwaka 1906 bingwa mmoja Mmarekani, William Graham Sumner, alitoa kitabu juu ya desturi za watu wa mataifa mbalimbali, akaieleza tabia hiyo: kila kundi hujiona kuwa ndilo kitovu cha mambo yote, nayo makundi mengine huyapanga juu au chini kwa kuyalinganisha nalo. Lakini jambo hilo wazee wetu walilijua zamani sana, ndiyo maana wakasema, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Tazameni jinsi tabia hii inavyoanza kwa vitu vidogo. Mmoja hula kumbikumbi kwa furaha, mwenzake akiwaona hugeuza uso. Huyu ugali wake ni wa ulezi, yule ni wa mahindi, wa tatu chakula chake ni ndizi, na kila mmoja hufikiri kwamba asiyekula chakula kile hajashiba. Kwa watu wa nyumba moja mtoto akimtazama mzee machoni ni ujasiri wa kweli. Kwa watu wa nyumba nyingine ni utovu wa adabu. Katika hayo yote hakuna ubaya. Lakini neno "wanatofautiana nasi" hugeuka upesi kuwa "wana upungufu", na "wana upungufu" huzaa "hawafai". Aliyefika kwenye "hawafai" hana haja tena ya kumjua mtu mmoja mmoja. Amekwisha kuwahukumu wote kabla hawajafungua vinywa vyao.

Tena huwa twayatetea makabila kana kwamba mipaka yake ilichimbwa na Muumba siku ya kwanza ya dunia. Tukichungua habari za nchi hii ya Songwe tutaona sivyo. Mwaka 1948 bingwa wa lugha, Malcolm Guthrie, alizipanga lugha za Kibantu katika makundi. Katika kundi moja aliweka Kiwanda, Kinyamwanga, Kinyiha, Kimalila na Kisafwa, pamoja na Kiiwa na Kitambo zinazosemwa ng'ambo ya mpaka. Maana yake ni kwamba Mnyamwanga na Mnyiha wanaocheka matamshi ya wenzao wanachekana kama ndugu wawili wanaochekana pua, wakisahau kwamba pua hiyo wote wameirithi kwa babu mmoja.

Haya, twende Ivuna, penye chemchemi za chumvi karibu na Ziwa Rukwa, katika wilaya hiyohiyo ya Momba. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata huko mabaki ya kazi ya kupika chumvi ambayo ilikuwako tangu karne ya 13 hivi. Chumvi haipatikani kila mahali, na kila jungu laihitaji. Katika nchi hiyohiyo Wanyiha walikuwa wahunzi, wakiyeyusha chuma na kufua majembe. Wafipa nao walikuwa wahunzi hodari, na tena walifuma nguo za pamba. Mwenye chumvi hali jembe, na mwenye jembe hatii jembe chunguni. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Kama mababu wale wangalikaa kila mmoja nyumbani kwake akisema, "Wale hawafai," mmoja angalikula mboga isiyo na chumvi, na mwingine angalichimba ardhi kwa kijiti.

Hata watawala wa zamani katika nchi zilizo jirani hawakuwa wenyeji siku zote. Masimulizi ya Wanyakyusa wa Rungwe yasema kwamba ukoo wa watawala wao ulitoka Ukinga, katika milima iliyo upande wa mashariki, nao ndio ulioleta moto na ng'ombe. Tuone basi: watu hawakuona haya kusimulia kwamba kitu kilicho bora kwao kililetwa na mgeni. Ndivyo isemavyo methali, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisha ukaja mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya kugawanya nchi katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1898 wapimaji wa mataifa hayo mawili wakaupima mpaka ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari huo ulipita katikati ya Wanyamwanga. Wengine wakawa raia wa Wajerumani, wengine wakawa upande wa Waingereza. Hata leo Tunduma na Nakonde ni miji miwili ya nchi mbili, lakini shangazi aweza kuwa huku na mpwa wake kule. Ikiwa watu wa kabila moja waweza kuwa mataifa mawili bila kuacha kuwa ndugu, kwa nini watu wa makabila mengi wasiweze kuwa taifa moja?

Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka 1926 ikatolewa sheria ya kuwatawala watu kwa kupitia watawala wao wa asili. Serikali ile ilidhani kwamba kila Mwafrika ana kabila lake moja, na kila kabila lina mkuu wake, kama vyumba vilivyopangwa katika nyumba. Mahali pengi haikuwa hivyo. Watu walikuwa wakijulikana kwa ukoo, kwa mlima, kwa mto, au kwa mtu waliyemfuata. Lakini kwa kuwa ushuru, baraza na cheo vyote vilipitia kabila, watu nao wakajifunza kujipanga hivyo. Hatusemi kwamba makabila ni uongo. Lugha na desturi zilikuwako. Twasema tu kwamba ukuta tunaouona leo kuwa wa kale, sehemu yake ilijengwa juzi, tena kwa amri ya ofisi.

Labda msikilizaji atauliza, "Je, watu wakitofautiana, si lazima wagombane?" Jibu liko karibu na kwetu, katika mpaka wa Zambia na Malawi. Huko wako Wachewa na Watumbuka, nao wako pande zote mbili za mpaka uliowekwa na Waingereza. Mwaka 2004 bingwa mmoja wa mambo ya siasa, Daniel Posner, alitoa habari za uchunguzi wake katika vijiji vya Wachewa na vya Watumbuka vilivyo karibukaribu, wengine huku na wengine kule. Lugha zao ni zilezile, ngoma zao ni zilezile, na tofauti zao ni zilezile. Walakini upande wa Zambia watu hao walionana kama jamaa na marafiki, na upande wa Malawi walionana kama wapinzani. Sababu yake nini? Katika Zambia kila moja la makundi hayo ni dogo mbele ya taifa zima, hivyo mtaka cheo hana faida ya kuwapigia ngoma ya kabila. Katika Malawi kila kundi ni kubwa kiasi cha kumfikisha mtu katika madaraka, kwa hiyo ngoma hiyo ilipigwa. Basi si tofauti inayowagombanisha watu. Ni yule anayeiokota na kuifanya ngazi ya kupandia.

Sasa tuzitazame hasara zenyewe, moja moja.

Hasara ya kwanza ni katika kazi. Mkubwa wa ofisi akimwajiri mtu wa kwao asiyejua kazi, akamwacha anayeijua kwa kuwa ni wa kabila lingine, hamdhulumu yule mmoja tu. Amewadhulumu wote watakaofika mbele ya meza ile. Mgonjwa anayengoja dawa hataponywa na kabila la mganga. Ataponywa na ujuzi wake. Na jambo hili humrudia mwenyewe, kwa maana siku mtoto wake atakapougua, atapelekwa katika hospitali ambayo mwingine ameijaza watu wa kwao kwa mtindo uleule.

Hasara ya pili ni katika haki. Mahali ambapo shahidi huulizwa kabila kabla ya kuulizwa alichokiona, mwizi hujificha chini ya mwavuli wa kabila lake. Watu wake humtetea, si kwa kuwa hakuiba, bali kwa kuwa aliyeibiwa si wao. Baada ya muda mfupi wezi wa pande zote mbili hustawi, na watu wema wa pande zote mbili huibiwa.

Hasara ya tatu ni katika mambo ya wote, kama shule, kisima na barabara. Mwaka 2004 bingwa wa uchumi, Edward Miguel, alitoa uchunguzi uliolinganisha wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya, na wilaya ya Meatu katika Tanzania, ambazo zafanana kwa mengi. Katika Busia, mahali palipokuwa na makabila mengi palichanga fedha kidogo zaidi kwa ajili ya shule kuliko mahali penye kabila moja. Katika Meatu haikuwa hivyo: vijiji vya mchanganyiko vilichanga sawasawa na vingine. Yeye alifikiri kwamba sababu ni jinsi serikali za nchi hizo mbili zilivyowalea watu wao tangu uhuru. Tufikiri maana yake kwa mzazi wa Chitete. Mtu akisita kutoa mchango kwa kuwa darasa litakaliwa pia na watoto wa "wale", mtoto wake mwenyewe atakaa chini ya mti pamoja nao, na mvua ikinyesha haitawachagua.

Hasara ya nne ndiyo ya ajabu kupita zote, nayo ni kwamba majivuno humfanya mtu akubali kupungukiwa ili tu jirani apungukiwe zaidi. Mwaka 1970 mwanachuo Henri Tajfel alieleza majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza. Aliwagawa makundi mawili kwa sababu hafifu kabisa, kama vile jinsi walivyokisia idadi ya madoa waliyoonyeshwa. Hawakuwa na ugomvi, wala hawakujua nani yumo katika kundi gani. Kisha aliwaambia wawagawie wenzao fedha kidogo. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Tena mara nyingi walichagua mgao uliowapa watu wao fedha kidogo, mradi tu wa kundi la pili wapate kidogo zaidi, wakauacha mgao ambao ungaliwapa watu wao nyingi. Ikiwa madoa katika karatasi yaweza kumfanya mtoto awapunguzie hata watu wake, kabila lenye lugha, makaburi na ardhi litashindwa nini?

Hasara ya tano ni damu. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, majirani waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi waligeukiana. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Nchini Rwanda, Wahutu, Watutsi na Watwa walikuwa na lugha moja, wakakaa katika vilima vilevile. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwapa vyeti vilivyoandikwa kabila la kila mmoja, na mwaka 1994 vyeti vya namna hiyo vikawa hukumu ya kifo vizuizini. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000, wengi wao Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa mauaji. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, katika Tanzania, kwa siku moja tu au siku moja na kitu.

Nasi tunaozungumza kwa redio hatuna ruhusa ya kulipita jambo hili kimya. Huko Rwanda kulikuwa na kituo cha redio kilichoitwa RTLM, kilichoanza mwaka 1993. Kilipiga muziki mzuri, kikafanya mzaha, kikapendwa na vijana. Kisha kikawazoeza watu kuwaita jirani zao mende, na mauaji yalipoanza kikayachochea. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha ilitoa hukumu mwezi wa Desemba 2003, ikawatia hatiani wakubwa wa kituo hicho. Hakuna aliyeanza kwa panga; walianza kwa neno. Ndiyo sababu twawasihi wasikilizaji wetu wasiyahesabu kuwa madogo maneno yanayosemwa vilabuni na sokoni kwamba kabila fulani ni wachafu, fulani ni wezi, fulani ni wachawi.

Haya, nchi yetu yenye makabila zaidi ya 120 ilifanya nini kujikinga? Haikuwa bahati tu. Chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilisema na watu wote kwa Kiswahili. Tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa katika serikali. Mwaka 1967 Kiswahili kikaagizwa kitumike katika shughuli za serikali. Katika hesabu ya watu ya mwaka huo wa 1967 watu waliulizwa kabila lao. Katika hesabu zilizofuata swali hilo likaachwa. Na vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, sheria ilikataza chama kinachosimama juu ya kabila, dini au mahali mtu atokapo. Kiswahili nacho kilisaidia kwa namna ya pekee, kwa kuwa hapa bara hakikuwa lugha ya kabila lolote kubwa. Hakuna aliyejifunza akidhani kwamba amesalimu amri kwa jirani.

Dawa nyingine haikutoka serikalini. Ilitoka kwa wazee wenyewe, nayo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, nao leo ni watani. Mtani humtania mwenzake mbele ya watu, wala hakasiriki mtu. Lakini tuangalie vyema, kwa kuwa wengi hutukana kisha hujifunika kwa neno utani. Utani wa kweli una mambo mawili. La kwanza, huenda pande zote mbili: anayetania naye hutaniwa. La pili, una wajibu: mtani ndiye afikaye msibani, akashika jembe, akawachekesha wafiwa. Anayekucheka harusini na asifike kukuzika, huyo si mtani wako, amekudharau tu.

Baada ya kusema hayo, tusijisifu kupita kiasi, maana nyani haoni kundule. Bado wako wazazi wanaovunja uchumba wa watoto wao kwa sababu ya kabila tu, wasiulize kama kijana ni mwaminifu au mvivu. Bado wako watu wanaomwita "wa kuja" mtu aliyezaliwa kijijini palepale. Na katika bonde la Rukwa, kama katika mabonde mengi ya nchi yetu, ardhi haiongezeki. Watu huongezeka, na ng'ombe pia. Mashamba ya ufuta na mpunga yasogea kwenye malisho, na malisho yasogea kwenye mashamba. Ugomvi huo una sababu za kweli, nazo ni ardhi, maji na njia za mifugo. Atakayeupa ugomvi huo jina la kabila ameuficha ugonjwa wenyewe, kwa maana kabila haligawanyiki wala haliamuliwi. Njia ya mifugo yaweza kupimwa, mto waweza kuwekewa zamu, hasara yaweza kulipwa. Lakini baraza gani litakaa kuamua juu ya kuzaliwa kwa mtu?

Kwa hiyo turudi katika lile shamba la mahindi. Ng'ombe aliyeingia ana mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Mwenye shamba na aende na mashahidi, wahesabu mashina yaliyolala. Mwenye ng'ombe na aitwe kwa jina lake mbele ya serikali ya kijiji, naye aseme neno lake. Katika baraza hilo wakae wakulima na wafugaji. Likiamuliwa alipe, alipe. Na akilipa, jambo liishe. Mwenye shamba akisikia watu wa kwao wakisema, "Tuwatoe wote," yeye aliyepata hasara awe wa kwanza kuwazuia, maana neno lake litasikiwa kuliko la mwingine yeyote. Na upande wa pili, wafugaji wasimfiche mwenzao mkosaji kwa kuwa ni wao. Kabila lililo na heshima ni lile linalomleta mkosaji wake mbele ya baraza kwa mkono wake lenyewe.

Wako watakaotuuliza kama twataka lugha za makabila zife na ngoma zinyamaze. Hatutaki hivyo. Kumdharau mama yako mwenyewe si njia ya kumheshimu mama wa mwenzako. Mtoto wa Chitete na ajifunze Kinyamwanga kwa bibi yake, na Kiswahili shuleni. Tena akiweza, ajifunze salamu za rafiki yake Msukuma au Mnyiha. Anayejua kuamkia kwa lugha tatu hajapoteza kabila lake. Ameongeza milango katika nyumba yake.

Tungependa kumaliza kwa kuwapa wasikilizaji kazi ndogo. Kwa muda wa siku saba, kila mnapotaka kusema neno juu ya mtu, mlijaribu kwanza bila kutaja kabila lake. Badala ya kusema "Mfipa yule aliniuzia kwa bei mbaya," semeni "yule mwuza duka aliniuzia kwa bei mbaya." Mkiona neno limebaki kamili bila kabila, basi kabila halikuwa na kazi pale tangu mwanzo. Na mkiona halisimami bila kabila, jiulizeni kama lilikuwa neno la kweli. Kazi hii ifanyeni wakubwa, kwa kuwa watoto wako mekoni na mezani wakisikiliza, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.